Rangi ya Kiwanja cha Kankindi

Kankindi na Ntirushwa walichukiana kwa bidii ambayo wengine tunaiweka kwenye kilimo. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye kiongozi wao wa isibo, yaani kaya zetu hizi chache za mteremko wa Rutabo, na kila shauri lao lilipitia sebuleni kwangu, likanywa chai yangu, likaondoka bila kuisha. Wamenichosha, na leo nasema wazi.

Chanzo ni posa. Uwera, binti wa Kankindi, alipopata mchumba, mama yake, ambaye ni mjane, alimwomba jirani yake Ntirushwa awe msemaji wa upande wa mwali. Kwetu msemaji huyo lazima kwanza awakatalie wageni. Awazungushe, awatanie, aape kwamba binti ameshakuwa mtawa, watu wavunjike mbavu, ndipo akubali. Ntirushwa ni dereva mstaafu wa malori, na mdomo wake haujawahi kufungwa breki. Siku ile bia ya mtama ilimkolea, akawaambia wageni kwamba binti yetu haendi kwa watu ambao babu yao aliiba ng'ombe. Ulikuwa utani. Balaa ni kwamba babu yao aliiba ng'ombe kweli.

Ukoo mzima wa mchumba ulisimama, ukawaswaga ng'ombe wake wa mahari, ukaondoka. Uwera naye alipanda basi la Kampala na mpaka sasa hajarudi. Ntirushwa, badala ya kwenda kumwangukia mama wa watu, alikuwa akisema kosa si lake, ni la babu.

Basi ramani ikaja ikawakuta hivyo. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumetoka kuzibua mifereji ya barabara wote pamoja, tumekaa kwenye nyasi na majembe yetu kusikiliza mkutano kama ilivyo kawaida. Ofisa akatangaza kuwa mpango mpya wa matumizi ya ardhi ya mji, uliochorwa kwa picha za setilaiti, umewekwa hadharani. Kila mwenye simu aingize namba ya kiwanja chake aone rangi yake. Njano ni makazi. Nyekundu ni biashara. Kijani kilichokolea ni ardhi oevu, na humo haishi mtu. Asiyeridhika apeleke pingamizi mapema.

Vichwa vyote viliinamia simu. Namba za viwanja vya wenzetu tunazijua kama tunavyojua majina ya watoto wao, kwa hiyo hakuna aliyeishia kutazama cha kwake.

"Ehee! Kankindi!" Ntirushwa alipaza sauti, simu juu. "Hongera mama, umekuwa chura! Kiwanja chako chote kijani. Leo ukikosa usingizi, imba tukusikie."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, sitadanganya. Kankindi alimnyang'anya mtu simu akatazama. Kijani kilipanda kutoka kinamasini, kikapita zizi lake, kikaifunika nyumba, kikasimama kwenye ua wa minyaa unaomtenga na Ntirushwa. Kuanzia hapo ni njano tupu.

"Umemhonga nani?" aliuliza.

"Mimi nihonge setilaiti? Ina mfuko?"

"Wewe ungemhonga hata shetani, ila ungekuta ni mjomba wako, asikudai."

Niliingia kati na mpini wa jembe. Hakuna aliyecheka tena, maana kila mtu pale anajua kijani maana yake nini. Nyumba iliyomo kwenye kijani haipati kibali hata cha kubadilisha bati, na mwisho wake ni tingatinga. Nyumba ya Kankindi haina kifani mteremkoni kwetu. Matofali yake aliyafyatua yeye na marehemu mumewe, wakayachoma wenyewe, na mume akafa paa halijapanda. Paa alilipandisha yeye. Hana kitu kingine duniani zaidi ya ile nyumba na ng'ombe wawili.

Nilimsindikiza mjini kwenye idara ya mipango. Alitupokea msichana mmoja aitwaye Dushime, mtaratibu, akatugeuzia kioo cha kompyuta. Picha ya kutoka angani ilionyesha mteremko wetu kama mkeka. Akatueleza kosa lilikotoka. Ng'ombe hawaruhusiwi kuzurura, hivyo kila mfugaji hupanda mabingobingo ya kuwakatia, na Kankindi ameyapanda kila mahali, mpaka ukutani. Picha ilipigwa wakati wa masika, majani yamesimama marefu. Kompyuta ilipoyaona imeyahesabu kuwa mafunjo ya kinamasini.

"Basi iambie ni chakula cha ng'ombe," alisema Kankindi.

"Hainisikii, mama. Inabidi nije mwenyewe nipime, na jirani unayepakana naye aseme mbele ya watu mafunjo ya zamani yaliishia wapi. Mkikubaliana, ninachora upya."

"Nimepakana na barabara, na njia ya kisimani, na kinamasi. Na yule."

"Hakuna jirani mwingine?"

"Wapo vyura."

Njiani kurudi alitangulia mbele, hataki hata kulitaja jina la Ntirushwa. Nikajua mzigo umeniangukia mimi.

Sasa, kila mtu wa rika letu pale Rutabo anajua mafunjo yaliishia wapi. Tuliyakata sisi wenyewe, tukasukia mikeka. Yaliishia chini ya zizi la Kankindi, mbali na nyumba. Kwa Ntirushwa, mstari huohuo unapita katikati ya vyumba viwili vya kupangisha alivyojenga mwisho wa kiwanja, juu ya kifusi alichokishusha kwa lori. Kwa hiyo ukweli ungemrudishia Kankindi nyumba yake, na ungemnyang'anya Ntirushwa vile vyumba viwili. Nyumba yake kubwa isingeguswa.

Nilimkuta Ntirushwa barazani kwake anachonga mpini.

"Mzee, bora nusu shari kuliko shari kamili," nilimwambia. "Vyumba viwili tu. Vyenyewe kila masika wapangaji wanalala na magumboti."

"Kiongozi, mimi ni mtu wa kweli. Nitasema nilichokiona."

"Ulikiona nini?"

"Utakisikia siku hiyo. Lakini kama ana haja na mimi, aje aniombe mwenyewe. Miguu si anayo?"

Nikavuka ua kupeleka ujumbe. Nilikuwa kama posta ya bure ya watu wawili wanaosikiana kikohozi. Kankindi alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Mwambie nimeshamwomba mara moja maishani, awe msemaji wangu," alisema. "Mwanangu yuko Kampala anafua nguo za watu."

Siku ya kupima, mteremko mzima ulikuja, hata wasiohusika, hasa wasiohusika. Dushime alifika na kishikwambi chake na fimbo ya kupimia yenye mashine kichwani. Alisoma kanuni: wanaopakana ndio wanaosema, wakishakubaliana wanaweka dole gumba, na ramani inafuata. Kisha akamgeukia Ntirushwa, aliyekuwa amevaa koti na kofia kama anayekwenda kanisani.

"Mzee, wewe umezaliwa hapa. Mafunjo yaliishia wapi?"

Ntirushwa alitembea taratibu kupanda mteremko. Alilipita zizi. Alikwenda mpaka kizingitini kwa Kankindi, akagonga ardhi kwa bakora yake.

"Hapa. Nilikuwa nayakata hapa na baba yangu. Huyu mama kajenga majini."

Watu waliguna. Mzee mmoja alitema mate. Hakuna aliyeamini, na Ntirushwa hakujali, alikuwa anamtazama Kankindi usoni aone jeraha linavyoingia.

Dushime hakubishana. Alisimamisha fimbo yake pale kizingitini, akasubiri mashine ilie, akaandika. Halafu akageuka, akatazama upande wa pili wa ua, chini, kwenye paa la Ntirushwa. Mteremko wetu umeinamia upande wake. Ukisimama mlangoni kwa Kankindi unaliona bati lake lote, hata lile tairi aliloliweka juu lisipeperuke.

"Mzee," alisema Dushime, "maji hayasimami kwenye ua. Kama mafunjo yalifika hapa, basi kwa kimo hikihiki kwako yalipita juu ya nyumba. Ninachora mstari mmoja. Kiwanja chako chote kinakuwa kijani pia."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Ntirushwa alivua kofia. Alilitazama bati lake, akaivaa tena.

Dushime alimgeukia Kankindi. "Mama, anachosema jirani yako ni kweli? Kama si kweli, sema sasa. Nitalifuta nililoandika, tutashuka wote chini mnionyeshe mahali penyewe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, hapana, na nyumba yake imepona. Nilimkazia macho. Nilimtikisia kichwa mpaka shingo ikauma. Kankindi aliitazama nyumba yake, matofali yale, halafu akalitazama bati la Ntirushwa lile, kwa muda mrefu. Nikaona uso wake unalainika kama wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Kweli tupu," alisema. "Yalifika mlangoni. Mkeka wangu wa ndoa niliusuka kwa mafunjo ya hapahapa."

"Muongo!" Ilinitoka mimi, si Ntirushwa. "Wote wawili ni waongo! Dushime, mwanangu, usiandike! Yaliishia kule chini, muulize yeyote!"

"Mama kiongozi, wewe hupakani nao," alisema, na aliona haya kusema. "Wanaopakana wamekubaliana."

Kweli walikuwa wamekubaliana, na ilikuwa mara yao ya kwanza tangu ile posa.

Lakini yule binti ana roho nzuri kuliko kanuni zake. Hakutoa kidau cha wino. Alimsogelea Ntirushwa, akamwambia polepole, watu wote tukasikia: "Mzee, unaweza kufuta ulichosema. Sikushtaki. Ukifuta, nachora mstari chini. Unapoteza vile vyumba viwili tu, na nyumba inabaki."

"Na yake?" aliuliza Ntirushwa.

"Na ya mama inabaki."

Mkewe alimshika mkono wa koti. "Baba Munezero, futa. Futa twende nyumbani."

Ntirushwa alimtazama Kankindi. Kankindi alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, anatabasamu. Kama asingetabasamu, pengine angefuta. Silijui hilo na sitalijua.

"Sifuti," alisema Ntirushwa, akanyoosha dole gumba.

Mkewe alikaa chini palepale kwenye majani ya ng'ombe, akalia kwa sauti, na hakuna kati ya wale wawili aliyemtazama. Kankindi naye akaja akaweka dole lake. Nilitaka kuwapiga. Nasema kweli, ningekuwa na ule mpini wa jembe ningewapiga wote wawili, mbele ya serikali.

Ramani mpya ilipotoka, mtandaoni kila mtu aliiona. Kankindi hana simu ya kufungulia mambo hayo, akaja kwangu. Nilidhani anataka kuona kiwanja chake, nikaanza kuingiza namba. "Si hicho," alisema. Nikamfungulia cha Ntirushwa. Alikitazama, akashukuru vizuri, akaenda kukata majani.

Notisi zilikuja, kisha tingatinga lilikuja baada ya masika. Mke wa Ntirushwa alikuwa ameshaondoka kwa dada yake na vyombo vyote. Kankindi ng'ombe wake niliwaweka mimi zizini kwangu. Dereva alisimamisha mashine barabarani, akaniuliza aanze na ipi. Nilikuwa natazama kwenye ule ua wa minyaa.

Ntirushwa alikuwa ametoa kiti, amekiweka upande wake wa ua, amekielekeza kwa Kankindi. Na Kankindi alikuwa ametoa kigoda chake, ameketi, ametulia, ameipa nyumba yake mgongo ili aione vizuri ya Ntirushwa.

Dereva akaanza na ya Kankindi. Ukuta wa mbele ulianguka, vumbi likamfunika mabega na kitambaa chake cha kichwa. Hakugeuka.