Vumbi Linaloelea Karaini

Msusi alikuwa na mikono iliyosifiwa mtaa mzima. Kichwa kilichowashinda wengine kililetwa kwake, na kikitoka hapo mistari yake imenyooka utadhani imepigwa kwa rula. Mabibi harusi walimwekea nafasi miezi miwili kabla. Lakini mikono hiyohiyo, ikifika kijitoni kila Jumamosi, haikupata kitu, na jambo hilo lilimkera kuliko mteja anayekuja kusukwa na nywele hajazifumua.

Mchezo wa kutafuta dhahabu waliuanza watatu: yeye, mdogo wake fundi cherehani, na mjomba wao, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nauita mchezo kwa sababu hakuna aliyetegemea kula kwa dhahabu ile. Zilikuwa chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, za kutia kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa na kuwaonyesha wageni. Kichupa cha Mjomba kilikaa juu ya kabati la vyombo. Cha fundi kilikaa dirishani dukani kwake, na mteja asiyekiulizia aliulizwa yeye kama amekiona. Msusi naye alikuwa nacho. Kilikuwa kitupu, mwaka wa pili huo.

Kijito kilipita katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba alikuwa amewapa ruhusa ya maandishi: watu watatu, Jumamosi tu, na mashimo yafukiwe kabla ya kuondoka. Watatu, wa nne hapana. Hapo ndipo msusi alipobanwa, maana rafiki wa fundi, fundi rangi mmoja mcheshi, alikuwa anaimezea mate nafasi yake.

Jumamosi hiyo walimpitia saluni. Walimkuta anamalizia kumpaka mteja mafuta, mstari kwa mstari, akajifuta mikono kwenye taulo, akabeba mkoba na karai lake, wakashika njia.

"Mama," Mjomba alimwambia walipokuwa wakitembea, kwa sauti ile ya mwalimu anayemwambia mzazi kwamba mtoto hatavuka darasa, "leo ikipita hivihivi, tumpishe fundi rangi. Usinielewe vibaya. Miaka miwili si haba."

"Kwa hiyo leo ndiyo mwisho?"

"Leo ndiyo mwisho, mama."

"Dada, wengine wana mkono, wengine hawana," fundi akadakia. "Wewe dhahabu ikikuona inahama mtaa."

"Nimekubeba mgongoni wewe, unanikojolea," msusi alimjibu. "Leo unanifundisha habari za mikono?"

Walicheka wote, na yeye akacheka nao, lakini maneno yalimchoma. Yasingemchoma hivyo kama angekuwa mvivu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua viatu na kuingia majini. Alichimba mpaka mwamba ugongane na koleo. Alichekecha changarawe, akazungusha karai kama Mjomba alivyowafundisha: tikisa, kizito kishuke chini, inamisha, maji yaondoke na chepesi, tikisa tena. Hakuruka hatua. Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake mara kadhaa akitafuta kosa, akalikosa, ndipo akasema basi huyu hana mkono. Mwalimu wa hesabu mzima! Mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia.

Hadi jua lilipofika utosini, fundi alikuwa na chembe tatu, na kila moja aliitangaza kwa kelele kama goli la dakika za mwisho. Mjomba alikuwa na mbili. Msusi alikuwa na karai lake la tisa, mgongo unamuuma, na hasira iliyochanganyika na aibu. Alijikaza kisabuni. Akatikisa, akainamisha, mpaka mchanga mwekundu wote ukaondoka, chini ukabaki ule mweusi, mzito, ambao dhahabu hupenda kujificha ndani yake.

Juu ya maji palikuwa na vumbi la manjano linaloelea. Alilizoea. Liliibuka kila mara, la maua ya vichakani, na kila mara alilimwaga kwanza ili aone chini vizuri. Akaanza kuinamisha ukingo wa karai alimwage.

Akasita. Kulizunguka lile vumbi, maji yalikuwa na utando wa rangirangi. Utando ule aliujua. Aliuona kila siku kwenye beseni la kuoshea nywele saluni, vijinywele vimelala juu yake kama viko kitandani, havizami hata uvisukume na kidole, mpaka udondoshe shampuu. Ni mafuta. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa viking'aa. Vilikuwa viking'aa miaka kumi na tisa sasa, taulo lolote lisingeweza kuvikausha.

Kisha akatazama vichaka vya ukingoni. Kilikuwa kiangazi. Hapakuwa na ua hata moja.

Aliliweka karai chini kwenye mchanga mkavu, taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesumbua kulala. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya shampuu na kitana chake cha mkia, akachovya ncha ya mkia, akagusa maji ya karai mara moja tu.

Utando ulikimbilia pembeni. Vumbi likatetemeka, likazama lote. Alipotikisa karai, mchanga mweusi ulihama, lakini manjano ile haikuhama. Alihesabu chembe kumi na saba, halafu hakuweza kuendelea kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mjomba." Sauti ilimtoka ndogo. "Njoo na miwani."

Mjomba alikuja, na fundi akamfuata nyuma na utani wake tayari mdomoni. Utani huo haukutoka. Mjomba alilisogeza karai kivulini. Chembe ziliendelea kung'aa hata bila jua. Fundi alichomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaibana chembe moja na kuikandamiza. Haikuvunjika. Ilibonyea, laini, kama inavyotakiwa.

"Ni yenyewe," alisema fundi. "Dada, ni yenyewe."

Msusi aliwaeleza. Aliwaonyesha vidole, aliwaonyesha utando, akachota maji mengine, akatia kidole ndani, akawaacha waone wenyewe jinsi mafuta yanavyotanda. Mikono ya fundi ilikuwa mikavu, kwa kuwa fundi cherehani mwenye mafuta mikononi hula hasara ya vitambaa. Ya Mjomba ilikuwa imekaushwa na chaki tangu ujana. Katika watatu wale, ni mmoja tu ambaye angeweza kukosea hivyo, na ni huyohuyo mmoja ambaye angeweza kugundua.

Fundi alirudisha sindano kwenye ukosi. Kisha akauliza, "Hilo vumbi umekuwa ukiliona tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mara mojamoja?"

"Kila Jumamosi. Kila karai."

Mjomba alivua miwani. Alikuwa anapiga hesabu, ungeweza kuona kwa midomo yake. Jumamosi kwa Jumamosi, makarai kwa makarai. Alipofika kwenye jibu alitazama kijito kinavyoteremka, kisha akamtazama mpwa wake.

"Umetushinda," alisema. "Mimi na huyu, tuunganishe vichupa vyetu, bado umetushinda, tena tangu mwanzo. Nimekukosea, mama. Nimekukosea sana."

Mwingine angelilia dhahabu iliyokwenda na maji. Msusi hakuilia hata kidogo. Alisimama palepale, magoti yamelowa, akajisikia mrefu. Miaka miwili mikono yake ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko mikono yote kijitoni hapo, na sasa alikuwa na mashahidi wawili, mmoja wao mwalimu. Alivimba kichwa, na nani angemlaumu?

"Mpigie fundi rangi," Mjomba alimwambia fundi. "Mwambie tumejaa."

Fundi alitoa simu bila kubisha, akapanda ukingoni kutafuta mtandao.

Mjomba alibaki. Alizungukazunguka, akainua karai lake, akaliweka tena chini. Mwishowe akapiga magoti mbele ya msusi, kwa shida, mkono mmoja kiunoni.

"Nionyeshe," alisema. "Toka mwanzo, usiruke kitu. Mikavu au si mikavu, huenda nami zimenipita nyingi."

Msusi alichukua chupa ya maji ya kunywa na ile pakiti ya shampuu, akamsogeza mbali kidogo na kijito.

"Tunaanza na mikono," alisema. "Nyoosha, Mjomba."

Na mzee yule wa miaka sabini na miwili akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akasubiri.