Mafuta ya Kurudi

Kilichowaponza Lukumani na mkewe Zaina ni mlio wa kaseti. Kompyuta yao ndogo haikuweza kuonyesha kitu kwenye televisheni kabla ya kusoma kaseti kwanza, na kaseti ile ililia dakika kadhaa, mlio mwembamba wa kupanda na kushuka, kama redio inayomtafuta mtu wa mbali. Nyumba yao ya mtaa wa Tshopo, mjini Kisangani, haikuwa na dari, na kuta hazikufika juu kabisa. Jirani alisikia mlio. Kisha akamsikia Lukumani akimuuliza mkewe kama mafuta yatatosha kufika Bangui, ng'ambo ya mpaka.

Ulikuwa mwaka ambao habari za vita vya waasi kule Moba zilikuwa bado mbichi, na kila mkutano wa Chama ulikwisha kwa kuwakumbusha raia wafungue macho na masikio. Jirani yule, Lambert, ndiye aliyekuwa mkuu wa seli ya Chama katika mtaa wao. Alikaa na habari ile siku chache, ikamwasha, akaipeleka mbele.

Lukumani hakuwa na lolote la kuficha. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa ndani ya ndege katika DC-4, zile ndege za zamani za injini nne. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na marubani na kulinda injini na matangi. Kampuni ya ndege iliyomwajiri ilipokufa, alibaki nyumbani, mikono haina kazi. Mbelgiji mmoja aliyefundisha hesabu chuoni, alipokuwa anarudi kwao, akamwachia kompyuta na kaseti ya mchezo wa kurusha ndege. Ndege ya mchezo ilikuwa kidude cha injini moja. Lukumani hakuijali. Alikaa mbele ya kioo cha televisheni, akashika vibonyezo, na kichwani mwake ilikuwa DC-4. Kwa kuwa mchezo haukujua matangi ya DC-4, Zaina ndiye aliyekuwa matangi. Alikaa pembeni na saa ya mkononi na sahani za maharagi. Kila punje ilikuwa lita mia moja ya mafuta. Muda wake ukifika, aliitoa kwenye sahani na kuitia ndani ya bakuli, na bakuli lilikuwa moshi, kitu kisichorudi tena.

Walisafiri njia ile ile kila mara, Kisangani kwenda Bangui. Ilikuwa kwa ajili ya Hubert, rubani aliyefanya kazi na Lukumani muda mrefu kuliko wote. Siku moja Hubert aliondoka kiwanja cha Simi-Simi kwenda Bangui bila yeye, maana Lukumani alikuwa amelazwa na malaria. Mwenye mzigo alikuwa amepunguza mafuta ili magunia zaidi yapande. Hubert alikuta Bangui imefunikwa na dhoruba, akazunguka, akangoja, kisha akajaribu kurudi. Ndege iliishiwa mafuta juu ya msitu, mbali na kiwanja chochote. Tangu alipopata ile kompyuta, Lukumani alikuwa akiirudia safari hiyo nyumbani, kila mara kwa mzigo tofauti na upepo tofauti, akitafuta ni mafuta kiasi gani yangemrudisha Hubert.

Watu wa usalama walikuja Jumamosi mchana, watatu. Mkubwa wao alivaa abacost ya kahawia, koti la wakubwa lisilo na tai, na aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea wengine kunyamaza. Wawili wengine waliingia chumbani bila kuuliza na kuanza kugeuza godoro. Lambert alisimama mlangoni akiangalia miguu yake.

Mkubwa aliuliza mashine ya kutuma habari iko wapi. Lukumani alijibu kwamba haiko, kwamba kilichopo ni mchezo tu. Akaulizwa ni nani anayesafiri kwenda Bangui, na ndege imefichwa wapi. Alijibu kwamba hakuna anayesafiri, na hata masikioni mwake mwenyewe jibu lile lilikuwa la kijinga.

"Bon," mkubwa alisema akivuta kiti. "Tuonyeshe huo muchezo."

Lukumani aliingiza kaseti. Mlio ukaanza, na mmoja wa wale wawili akatoka chumbani haraka, mkono kiunoni. Umeme ulikuwa dhaifu saa ile, taa ikiwaka rangi ya chungwa. Katikati ya kusoma, kioo kikawa cheusi na mlio ukaendelea peke yake. Lukumani alirudisha kaseti mwanzo. Jasho lilimtoka mpaka vidole vikateleza. Zaina, aliyekuwa amesimama ukutani, alikwenda kuzima feni na friji ili umeme utoshe, bila kumwomba mtu ruhusa, kisha akarudi mahali pake.

Mara ya pili mistari ikatokea kwenye kioo, myeupe chini na ya samawati juu, na kindege kikakaa mwanzo wa barabara yake.

"Fanya kama siku zote," mkubwa alisema. "Na mama pia."

Zaina akaketi. Alipanga maharagi kwenye sahani zake, polepole, punje kwa punje. Lukumani akapaa. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu cha kuona isipokuwa mstari wa upeo ukiyumba kidogo, na mkono wa Zaina ukienda sahanini na kurudi. Wale vijana wawili walichoka kutazama. Mkubwa hakuchoka. Alikuwa haangalii tena kioo, anaangalia sahani.

"Hii ya kwanza ni nini?"

"Ya kufika Bangui, chef," Zaina alijibu.

"Na hii kidogo?"

"Ya kungojea juu, kama Bangui iko na mvua."

"Na hii ya tatu? Iko nyingi sawa na ya kwanza."

"Ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Hapa, chef. Kisangani."

Lukumani hakugeuka, vidole vikabaki kwenye vibonyezo. Nyuma yake alisikia kiti kikilia, kisha sauti ile ya chini ikiwaambia vijana watoke nje na wamchukue Lambert pamoja nao. Mlango ukafungwa. Zaina alishika ukingo wa meza. Katika mtaa ule kila mtu alijua maana ya mlango kufungwa.

"Mutu anayekimbia inchi," mkubwa alisema, "habebi essence ya kurudi."

Aliigusa sahani ya tatu kwa kidole.

Akasogeza kiti karibu na meza. Alisema mkewe na watoto wao wawili wataenda Bangui siku ya Alhamisi kwa ndugu za mwanamke, na wamepata nafasi katika DC-4 ya mfanyabiashara mmoja, kutoka Simi-Simi. Mfanyabiashara anasema mafuta yapo. Yeye hajui mambo ya ndege. Kisha akauliza, akimtazama Lukumani kwa mara ya kwanza kama mtu na mtu.

"Ya kurudi ile, ni lazima kweli?"

Lukumani aliona mitego miwili. Akijibu kwa uhakika, atakuwa amemwambia mtu wa usalama, kwa kinywa chake, namna ya kuvuka mpaka kwa ndege. Akisema hajui, na kama mtu huyu anasema kweli, kuna watoto wawili juu ya magunia. Alimtazama Zaina. Zaina alitikisa kichwa kidogo sana, kumwambia anyamaze. Ndiye aliyekuwa na haki ya kuogopa, maana ndiye angebaki peke yake.

"Wanabeba nini?" Lukumani aliuliza.

"Kahawa."

Ilikuwa kahawa hata siku ya Hubert. Lukumani alizima kioo.

"Chef, kama matangi iko chini ya lita elfu tano, bibi yako asipande. Bakikuambia uzito imezidi, bashushe kahawa. Bashushe kahawa, si mafuta. Na usiamini mudomo ya mutu. Mwambie fundi aingize kijiti ndani ya tangi mbele ya macho yako."

Mkubwa alisimama. Aliwaita vijana wake, wakang'oa nyaya, wakabeba kompyuta na televisheni mpaka kwenye gari. Lukumani aliambiwa asitoke Tshopo mpaka ataarifiwe.

Siku zilizofuata walilala wamevaa. Gari likipunguza mwendo barabarani, wote wawili walinyamaza mpaka lipite. Zaina aliweka tayari shuka, sabuni na dawa za tumbo ndani ya mfuko, vitu ambavyo mtu anaruhusiwa kupelekewa gerezani, akautundika nyuma ya mlango. Hakumlaumu mumewe ila mara moja, usiku wa Jumatano. Alimwambia kwamba kuwajibu watu wa usalama hakuwezi kumfufua Hubert. Lukumani alikubali kwamba hakuwezi.

Alhamisi asubuhi injini nne zilinguruma upande wa Simi-Simi. Lukumani alizijua kabla ya kuamka vizuri. Sauti ilipita juu ya mito na kupotea kaskazini-magharibi. Zaina alikwenda sokoni akarudi na habari kutoka kwa mama mmoja anayepikia wapagazi wa uwanja. Magunia ya kahawa yameshushwa mpaka yakajaza lori, na mwenye mali amepiga kelele mbele ya mtu mmoja wa abacost ya kahawia ambaye hakumjibu neno.

Lukumani hakula mchana. Alihesabu saa kichwani: sasa wamefika, sasa wameshuka. Hakuna kitu cha kungojea tena, alijiambia, akaendelea kungojea. Mawingu yalikuwa yameziba upande wote wa magharibi tangu saa sita.

Saa nane ilikuwa imepita alipoisikia ndege ikirudi. Alitoka uani bila viatu. Mwanzoni ilikuwa mtetemo tu, kisha ngurumo, na alisimama kichwa kimeinama akizitenganisha injini moja moja, kama alivyofanya miaka yote. Zote nne zilikuwa zinavuta. Ndege ikatoka chini ya mawingu, ikapita juu ya Tshopo na magurudumu yameshushwa, ikateremka nyuma ya miti ya Simi-Simi. Sauti ilipokatika taratibu, namna inavyokatika ndege ikiwa salama, akaketi chini kwenye vumbi. Zaina alimkuta pale, akaketi naye. Lambert, upande wa pili wa ukuta, aliwaona na kuingia ndani kwake.

Mkubwa alikuja Jumatatu, peke yake, na gari lake mwenyewe. Alibeba kompyuta mikononi na kuiweka mezani. Televisheni, alisema, itakuja baadaye, watoto wake wanaiangalia kwanza. Alieleza kwa maneno machache kwamba Bangui ilifungwa na dhoruba, na kwamba walizunguka muda mrefu sana mpaka watoto wakatapika, kisha ndege ikawarudisha. Hakusema asante. Zaina alimpa kiti, naye akakaa, akakunja na kukunjua kofia yake.

Mwishowe alisema mfanyabiashara anataka kujaribu tena kesho.

"Anabeba magunia ngapi?" Lukumani aliuliza.

Mkubwa alikiri kwamba hakuuliza.

"Basi tuanzie hapo," Lukumani alisema, akavuta kiti chake.