Dakika Saba za Katibu

Kabati la chuma la Chama cha Wachezaji wa Zamani lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na kwa miaka kumi na tisa ufunguo huo ulining'inia kwenye mkanda wa suruali ya Katibu. Wenzake walimtania kwamba hata kuoga anaoga nao. Alikuwa karani mstaafu wa idara ya maji, mtu wa rula na kalamu ya wino, basi wakadhani ameung'ang'ania kwa sababu anapenda mafaili. Watu hudhani mengi. Katibu aliung'ang'ania kwa sababu chini kabisa ya kabati lile kulikuwa na barua moja, na siku ikisomwa mbele za watu, yeye si mchezaji wa zamani wa klabu ile wala wa klabu nyingine yoyote duniani.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Shirikisho liliiandikia klabu, miaka arobaini iliyopita, kwamba mechi dhidi ya Timu ya Reli, iliyovunjwa na mvua dakika ya sabini na moja, imefutwa pamoja na kumbukumbu zake zote na itarudiwa. Katibu aliingia uwanjani dakika ya sitini na nne. Alicheza dakika saba. Aligusa mpira mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa pasi ya kumrudishia kipa ambayo ilikwama kwenye dimbwi ikamfanya kipa akimbie kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mechi iliporudiwa hakutoka benchi. Msimu uliofuata goti likamwacha mkono. Mpira wake wote ulikuwa huo, dakika saba ambazo shirikisho linasema hazikuwahi kuwepo.

Angeweza kulisema jambo hili mapema, likaisha. Lakini alikuwa anaposa. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa shabiki asiyekosa mechi hata akiwa na homa, na alipoambiwa anayetaka binti yake ni mchezaji wa klabu, posa ikakubaliwa kabla chai haijapoa. Tangu hapo ukweni wakamwita "mchezaji wetu", na mchezaji wetu akanyamaza. Ukinyamaza mwaka wa kwanza, wa pili unakuwa mgumu zaidi, na wa ishirini hata hujui pa kuanzia.

Chama kilipoundwa, Nahodha ndiye aliyetaka liwemo neno "rasmi". Nahodha aliiongoza timu iliyochukua ubingwa mara mbili na hajaacha kuiongoza mpaka leo, maana hata akienda kununua nyanya anatoa maelekezo. Kifungu cha tano kikasomeka kwamba mchezaji wa zamani ni yule aliyeichezea klabu walau mechi moja rasmi. Aliyekiandika, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa Katibu mwenyewe. Kisha akajiandika kwenye daftari la wanachama, namba thelathini na moja, akaweka tarehe ya mechi ile ya mvua, akafunga kabati. Siku ile hakuna aliyeuliza ushahidi wa mtu.

Mambo yaliharibika mwaka jana. Siku ya kumbukumbu ya klabu, wazee huvaa jezi na kuingia uwanjani mmoja mmoja kabla ya mechi, majina yakisomwa kwa kipaza sauti. Mwaka jana aliingia nao bwana mmoja mwenye kitambi, akapunga mkono, akashangiliwa sana. Baadaye ikabainika alikuwa dereva wa basi la timu. Nahodha aliumwa tumbo siku tatu kwa hasira. Akatangaza kwamba kuanzia sasa kila anayeomba uanachama ataketi mbele ya kamati na ushahidi wake.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Kinyozi.

Alikuja ofisini Jumatano, chumba kile kilicho chini ya jukwaa kuu, akipapasa ukuta kabla ya kukaa. Macho yalikuwa yanamwisha. Saluni yake alikuwa ameifunga tangu mwezi uliotangulia, baada ya kumkata mteja sikio. Alieleza bila kujihurumia kwamba daktari amempa mwaka mmoja, pengine pungufu, kisha giza. Hakutaka posho wala kadi. Alitaka kuingia uwanjani mara moja tu akiwa bado anaziona nyasi.

Katibu akamuuliza alicheza mechi gani, na huku anauliza alishajua. Kinyozi alikuwa kipa wa tatu. Siku ile kipa wa kwanza alikuwa na malaria, wa pili amefiwa, naye akasimama golini mara moja hiyo tu katika maisha yake. Ilikuwa mechi ya mvua, na Timu ya Reli.

"Wewe si ulikuwepo, ndugu yangu?" Kinyozi alisema akicheka. "Ulinirudishia mpira ukafia kwenye maji. Nilikutukana sana siku ile."

Katibu alipiga hesabu haraka. Akiikubali mechi ile, Nahodha atataka kuona karatasi za mechi, na barua ya shirikisho ilikuwa imebanwa pamoja nazo kwa pini. Akasema haikumbuki mechi hiyo. Akasema pia, kwa sauti yake ya ofisini, kwamba kumbukumbu za mwaka ule ziliharibiwa na mchwa. Kinyozi akamwelekezea uso kwa muda mrefu, yale macho yenye ukungu yakimtafuta alipo.

"Haya, ndugu yangu," akasema, akainuka.

Alhamisi mchana Katibu aliibeba barua nyumbani ndani ya shati. Alisimama jikoni karibu na sinki, kiberiti mkononi, moyo ukimwenda mbio kama mwizi, na kusema kweli hapo alikuwa mwizi. Karatasi moja tu. Ikiungua, hakuna mtu hai atakayeweza kumnyang'anya chochote. Alishawasha njiti mkewe alipoingia na kikapu cha nguo, akauliza mbona kunanuka kiberiti. Akajibu alikuwa anajaribu kama vijiti vimeingia unyevu. Mkewe akatazama kile kiberiti, akamtazama na yeye, kisha akachukua pasi na kuendelea na shughuli zake. Juu kabisa ya kikapu kulikuwa na jezi ya Jumamosi, siku ya kumbukumbu. Katibu aliirudisha barua ndani ya shati. Usiku wa siku mbili zilizofuata hakupata usingizi wa maana.

Kamati ilikaa Jumamosi saa nne asubuhi, mechi ikiwa saa kumi. Juu yao walisikia watu wakifagia ngazi za jukwaa. Nahodha alikaa kichwani mwa meza akiwa tayari amevaa jezi. Alikuwa na kisa na Kinyozi, na kisa chenyewe kila mtu alikijua. Miaka mingi, kila mteja aliyekaa kwenye kiti cha saluni ile alisimuliwa jinsi Nahodha alivyopaisha penalti ya fainali, na Kinyozi alikuwa akionyesha kwa wembe mpira ulikopita. Siku hii Nahodha alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ulitisha kuliko makelele yake.

Akauliza mechi. Kinyozi akaitaja. Nahodha akamgeukia Katibu na kuuliza kama kuna kumbukumbu. Katibu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema mchwa.

"Basi tuangalie shahidi," Nahodha akasema. "Nani alikuwa nawe uwanjani siku hiyo, ambaye yuko hai?"

Katibu alitazama mikono yake juu ya daftari. Sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko zile dakika saba. Angeweza kuyataja majina ya watu wote kumi na wawili waliolowa na mvua ile, na kumi walishazikwa, yeye mwenyewe akiwa ameandika salamu za rambirambi. Alingoja jina lake litajwe. Kinyozi alikuwa ameketi wima, soksi za golini za zamani zikichungulia mfukoni mwa koti lake.

"Sina shahidi, Nahodha," akasema. "Wote wamekwisha kufa."

Hakumtazama Katibu hata kidogo. Alikuwa amemfichia, na alijua anachomfichia, au walau alijua kuna kitu. Katibu akaona aibu ya ajabu, aibu iliyomshika shingoni ikapanda mpaka masikioni. Mtu anakwenda kuwa kipofu na bado anamwonea huruma yeye mwenye macho yake mawili. Nahodha alishafungua mdomo kutoa uamuzi Katibu aliposimama.

"Shahidi yuko hai," alisema. "Ni mimi. Na mchwa ni uongo wangu."

Akaitoa barua kifuani, ikiwa imelainika kwa jasho, akaisoma yote tangu tarehe mpaka muhuri. Kisha akafungua daftari kwenye namba thelathini na moja na kuwaonyesha tarehe. Mjumbe mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akaona hakuna anayemsindikiza, akaacha. Nahodha aliisoma barua mara mbili. Uso ulimshuka, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee kama wenzake.

Alichosema baada ya hapo alikisema taratibu. Kwamba Katibu amekitumikia chama miaka kumi na tisa, amezika wenzao, amewatembelea hospitali. Kwamba barua ya zamani hivi inaweza kupotea, na waliomo chumbani wanajua kufunga mdomo.

"Wewe kaa," akamalizia. "Huyu ndiye asiye na sifa."

Na hapo, niseme ukweli, Katibu alitamani kukaa. Kiti kilikuwa pale pale nyuma ya magoti yake. Jioni ile mjukuu wake wa kike angesikia jina la babu kwa kipaza sauti, na maisha yangeendelea kama jana.

"Dakika zake ni sabini na moja," Katibu alisema. "Zangu saba. Kama yeye hana sifa, mimi ninazo za wapi?"

Akachukua rula. Akaiweka chini ya jina lake, akakumbuka kwamba hapigi mstari wa kupamba, akaisogeza katikati ya jina na kulikata kwa wino mwekundu. Mstari ulinyooka vizuri, jambo lililomshangaza. Kisha akaufungua ufunguo kwenye mkanda. Ulikuwa umeuchimbia mkanda alama, na alama ile haikutoka. Akauacha ufunguo mezani, akamshika Kinyozi mkono, wakatoka.

Saa kumi kasoro walikata tiketi dirishani kama watu wengine, wakapanda jukwaani, Katibu akimhesabia Kinyozi ngazi. Mkewe na mjukuu walikuwa wamekaa safu ya nne. Chini, wazee walikuwa wanaanza kuingia, majina yakisomwa. Kinyozi alinyoosha shingo, akasema anaiona kijani, anaiona vizuri, kisha akaendelea kuitazama.

Namba thelathini ikasomwa. Ikafuata thelathini na mbili.

"Babu, mbona huingii?" mjukuu akauliza.

Katibu alikaa kando ya mkewe. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, sasa yote yakamtoroka.

"Babu hakucheza," alisema. "Ile mechi yangu ilifutwa. Haihesabiwi."

Mkewe hakugeuza kichwa. Jezi ilikuwa mapajani pake, imekunjwa, mikunjo imesimama kwa pasi.

"Baba alisoma gazetini, kabla hata hujaleta posa," alisema. "Aliniambia nisikuulize, utasema mwenyewe. Kila mwaka napiga pasi hii jezi, nasema labda mwaka huu."

Majina yakaendelea kusomwa. Katibu akanyoosha mkono aichukue ile jezi, na mkewe akaishikilia, hakuiachia.