Gari Lililowashwa Mkononi

Kwa mara ya tisa Jumamosi ile, fundi miwani alipiga magoti sakafuni, akaokota gari lake dogo lililojigonga ukutani, akalipuliza vumbi. Na kwa mara ya tisa dada yake, aliyesimama mbele ya ubao na rimoti ikining'inia shingoni, akauliza swali lilelile.

"Haya, safari hii limeona nini?"

Angekuwa na jibu asingetokwa na kijasho chembamba namna ile, tena ndani ya chumba chenye feni mbili.

Chumba chenyewe kilikuwa darasa la dada. Dada ni mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye sauti ya kumfanya mtu akanyage breki hata akiwa amekaa kwenye sofa. Jumamosi mchana wanafunzi wakishaondoka, viti husukumwa pembeni, na ile sakafu laini ya saruji, yenye mistari ya rangi ya kufundishia kuegesha, inageuka uwanja wao wa majaribio. Mashindano yalikuwa kesho yake.

Sasa usije ukadhani ni mashindano ya mbio. Mbio ni za watu wenye haraka. Haya ni magari ya rimoti ya kuserereka: gari lenye urefu wa kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole linapita kona kwa ubavu, mkia nje, matairi yake ya plastiki ngumu yakiteleza makusudi, na kando yake kuna gari la mpinzani linalofanya vivyo hivyo, na ole wako ukigusa. Kaka anaunda, dada anaendesha. Wamekuwa hivyo miaka sita, na dada hachoki kuwatambia watu: "Mimi naendesha tu. Mkono wa mdogo wangu ule ni meza."

Maneno hayo zamani yalikuwa yanamfurahisha. Siku hizi akiyasikia anautia mkono mfukoni.

Kwa sababu mkono ule, wa kushoto, ulikuwa unatetemeka. Miezi minne sasa. Mkewe aliambiwa ni kahawa, akamkatia kahawa, na fundi, masikini ya watu, anakunywa maji ya moto bure mpaka leo. Wateja dukani hawakuona kitu, maana mkono huo una kituko chake: ukipewa kazi unatulia. Ukiupa bisibisi nyembamba na skrubu ya miwani ndogo kama mbegu ya nyanya, unafunga bila wasiwasi. Ukipumzika tu, kidole gumba na cha shahada vinaanza kusuguana vyenyewe, taratibu, kama vinaviringisha uzi.

Na hapo ndipo roho yake ilipokuwa inafia. Baba yao alikuwa fundi cherehani, na alianza hivyo hivyo. Nyumba nzima walidhani mzee anaviringisha uzi. Baada ya hapo kikombe kikamshinda, kisha kifungo cha shati, kisha mguu, na miaka saba ya mwisho dada ndiye aliyemlisha kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Dada peke yake. Yeye fundi alikuwa anakuja Jumapili na machungwa, anakaa nusu saa, anatazama saa, anaondoka na kwenda kulia kwenye kituo cha basi. Hilo hajamwambia mtu.

Daktari wa macho anayefanya naye kazi dukani ndiye aliyemstukia. Hakusema mengi, alimwandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Barua hiyo ilikuwa na wiki tatu sasa ndani ya kopo la skrubu, imekunjwa mara nne, chini ya nati na vipete. Badala ya kuipeleka alijiwekea nadhiri ya kijinga, ile ambayo mtu mwoga hujiwekea: nitaunda gari jipya, lote, kwa mikono hii. Likienda sawasawa, mikono yangu mizima na barua naichana. Likikataa, naenda.

Ndiyo maana alikuwa analoa jasho.

Gari alikuwa ameliunda vizuri, angeweza kuapa. Chesisi aliikaza skrubu moja moja, akaipima kila pembe kwa mizani ya jikoni ili uzito usilemee upande. Mafuta ya shokomzoba aliyatoa mapovu kwa kusubiri usiku kucha. Matairi ya mbele aliyaegemeza kwa ndani kidogo ili yapate kukata kona mpaka mwisho. Kisha akafunga jairo, kile kidude cha mraba kinacholingana na pipi, ambacho ndicho roho ya gari la namna hii: mkia ukianza kuserereka, chenyewe kinahisi na kukata usukani upande wa pili kabla dereva hajapepesa jicho. Kijikaratasi kilichokuja nacho kilisema gari liwekwe chini likiwa limetulia kabisa kabla ya kuwashwa, kwa sababu sekunde tatu za kwanza jairo inajifunza utulivu ni nini. Fundi alikisoma kwa sauti mbele ya dada yake, akacheka. Miaka sita amekuwa akiwasha magari akiwa ameyashika kiganjani, kwa vile swichi iko tumboni, na hakuna lililowahi kulalamika. Mkono wake si ni meza?

"Labda ni springi za nyuma," alisema sasa, akiligeuza gari.

"Springi ulizibadilisha mara ya nne."

"Basi usukani."

"Usukani ulibadilisha mara ya sita. Mdogo wangu, nikuulize. Mbona safari moja linavuta kushoto, safari nyingine kulia, na ile ya saba lilitaka kwenda vizuri likaghairi? Gari bovu lina ubovu mmoja. Hili lina vituko."

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna. Nyumbani, juu ya meza, likiwashwa limekaa kwenye kiboksi chake bila bodi, lile gamba la juu, gari lilikuwa zima: usukani katikati, matairi yanatii. Likifika sakafuni, wazimu. Alifikiria skrubu zote arobaini na kitu, akajiuliza ni ipi ambayo vidole vyake vilimdanganya kwamba imekaza na kumbe bado. Ipo tu. Lazima ipo. Alikaa chini akaanza kulifungua tena.

"Kunywa chai kwanza," dada alisema, akamsogezea kikombe.

"Nitakunywa."

"Nimekutilia nusu. Naona siku hizi ndivyo unavyopenda."

Alimtazama dada usoni, lakini dada alikuwa anafuta rimoti kwa pindo la gauni, hana habari, au anajifanya hana. Fundi akauchukua mkono wa kushoto akaukalia. Ndiyo, aliukalia, mtu mzima na mvi zake, kama mtoto aliyeficha peremende.

Alikaza kila skrubu upya kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukisaidia, na mikono ikatii, ikatii vizuri mno, na kadiri ilivyotii ndivyo alivyozidi kuogopa. Hakuna iliyolegea. Hata moja. Kama kosa halimo ndani ya gari, limo wapi?

"Tayari," alisema, akililaza gari sakafuni.

Dada hakwenda mbele ya ubao. Alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti kwa magoti, rimoti mapajani.

"Mwanafunzi wangu akinizimia gari mara tisa, simuulizi gari lina nini," alisema. "Namwambia afanye upya, polepole, na kila anachofanya akitaje kwa sauti. Haya. Taja."

"Dada, mimi si mwanafunzi wako."

"Leo ni mwanafunzi wangu. Taja."

"Nalichukua gari."

"Endelea."

"Nalilaza kwenye kiganja cha kushoto. Na... nalishika. Nawasha kwa kidole cha kulia." Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa ndani ya bodi. "Sasa nasubiri. Sifanyi kitu. Nasubiri tu taa itulie."

Walisubiri, wote wawili wakiitazama ile taa. Kisha dada akaacha kuitazama taa. Macho yake yalishuka polepole, kutoka kwenye taa mpaka kwenye bodi, kutoka kwenye bodi mpaka kwenye kiganja, na yakabaki pale. Kidole gumba na cha shahada, huku vimelibeba gari, vilikuwa vinaviringisha uzi.

Feni zilizunguka. Nje mtu alikuwa anafunga geti.

"Liweke chini," dada alisema. Sauti yake ile ya breki haikuwepo.

"Dada..."

"Lizime. Liweke chini. Ondoa mikono. Halafu uliwashe hapo hapo chini, kwa kidole kimoja."

Alifanya. Aliinua ukingo wa gari kidogo, akabonyeza, akalilaza, akarudisha mikono nyuma kama mtu aliyeungua. Taa ikapepesa, moja, mbili, tatu, ikatulia. Dada akashika rimoti bila kusimama kitini.

Loo, na gari likaenda! Likachomoka, likatupa mkia kwenye kona ya kwanza, likaserereka kwa ubavu kuufuata mstari wa rangi utadhani limefungwa kamba, likavuka, likageuza mkia upande wa pili, likachora nane nzima katikati ya darasa, halafu nane nyingine ndogo zaidi, matairi yakilia kwa sauti nyembamba juu ya saruji. Hakuna skrubu iliyodanganya; jairo tu ndiyo iliyokuwa ikijifunza mtetemo wa kiganja na kudhani ndio utulivu. Ndani ya miaka sita hakuwahi kuunda gari zuri kama lile.

Na nadhiri yake je? Gari limekwenda, mikono mizima, barua ichanwe. Ndivyo alivyoahidiana na nafsi yake. Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine, akajikuta amefunika uso kwa kiganja cha kulia na mabega yanamruka.

Dada alilirudisha gari mpaka miguuni mwao, akalisimamisha.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Miezi minne!" Hapo breki zikarudi. "Miezi minne unakalia mkono kama kuku! Unadhani mimi kipofu? Chai nusu, shati la vifungo hulivai tena, simu unashika kwa mkono wa kulia tu. Nilikuwa najiambia hapana, si yeye, usiwaze mabaya. Najidanganya mimi, unanidanganya wewe, tunadanganyana kama wendawazimu wawili. Umekwenda hospitali?"

Alinyoosha mkono kwenye kopo la skrubu, akalimimina sakafuni, akachambua ile barua kutoka kwenye nati na kumpa. Dada aliisoma mara mbili. Ilikuwa na mistari mitatu tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Angeweza kusema aliogopa, na ingekuwa kweli. Lakini alishachoka kuficha.

"Kwa sababu ulishamlisha mzee," alisema. "Miaka saba. Mimi nilileta machungwa. Sasa nije nikwambie nini, dada? Nikwambie shika tena kijiko?"

Machozi yalimtoka dada na hakuyafuta, akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile minne na kuitia kwenye kifua cha gauni, mahali ambapo fundi alijua haitatoka tena.

"Machungwa yako mzee alikuwa anayangoja tangu Alhamisi," alisema. "Alikuwa ananiuliza, Jumapili bado? Hilo hukulijua kwa sababu hukuwa unakaa." Akapenga kamasi. "Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwako. Na mkeo utamwambia leo hii, kabla hajalala, kwa mdomo wako."

"Jumatatu una wanafunzi."

"Wajifunze kusubiri. Ndilo somo linalowashinda kuliko yote."

Alicheka, na kicheko kile kilimuuma kifuani. Hofu haikuondoka. Ilikuwa pale pale, kubwa vilevile, ila sasa ilikuwa nje, mtu mwingine anaiona.

"Na kesho?" aliuliza. "Utatafuta mtu wa kukuwashia?"

Dada alimtazama kama anavyowatazama wanaosahau mkanda. "Nani ameliunda hili?"

"Mimi."

"Basi utaliwasha wewe. Mbele ya watu. Utaliweka chini kama karatasi ilivyosema tangu mwanzo, mbishi mkubwa wewe, na utaondoa mkono. Hebu tufanye tena nione."

Alipiga magoti. Alilizima gari, akaliweka juu ya mstari wa rangi, akaliwasha kwa kidole kimoja, akatoa mikono. Ule wa kushoto, sasa usio na kazi, ukaanza. Alitaka kuukalia kwa mazoea, lakini dada alikuwa ameshapiga magoti kando yake na kuudaka, akaubana katikati ya viganja vyake viwili vilivyopauka kwa chaki. Mkono ukatetemeka humo humo ndani. Dada hakuuachia.

"Hesabu," alimwambia.

"Moja," akasema. "Mbili."

Taa ilitulia kabla hajafika tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeinuka.