Chumba cha Kulia

Ko! Ko! Ko-ko!

Nilikuwa bado nje ya geti, mfuko wa bawaba begani, niliposikia nyundo ikila ukuta. Nikatabasamu. Fundi kaanza kazi bila kusukumwa! Nikapiga hatua mbili, nikasimama. Sauti haikutoka upande wa vyumba vya kulala. Ilitoka upande wa pili, kwenye meza yetu, viti sita na kabati la vyombo.

Mfuko ulianguka palepale. Nilikimbia.

Fundi wetu mwashi tunamwita Taratibu, na jina hilo alilitolea jasho. Wenzake wakichanganya ndoo tano za zege, yeye bado anaisifu ya kwanza. Lakini Alhamisi ile aliamua kuwahi, na akauwahi ukuta usio wake. Nilimkuta ndani ya wingu la vumbi, nusu ya fremu ya mlango imeshalala chini, matofali yamepangwa pembeni kama mikate.

"Taratibu! Unafanya nini?"

"Napanua mlango."

"Wa chumba gani?"

"Wa chumba cha kulia," akasema, akajifuta uso. "Si ndivyo ulivyoandika?"

Akachomoa karatasi yangu mfukoni. Ndiyo, niliandika mwenyewe. Dada yangu aliniambia chora ramani, nikamjibu kwamba ramani ni za watu wasioyajua maneno. Nikayaweka maelekezo yote kwenye ubeti, kwa mizani kamili, nikaubandika mlangoni jana yake nikijiona bingwa:

*Mlango uwe mpana, kile chumba cha kulia,*
*Na kizingiti hapana, kiti kipate ingia.*

Nilimaanisha chumba cha mkono wa kulia, kwenye ushoroba, mkabala na changu. "Mkono wa" haukuenea kwenye mizani, nikaukata. Taratibu akasoma chumba cha kulia chakula. Mswahili gani angesoma vingine?

"Baba anarudi Jumamosi!" nikapiga kelele. "Leo Alhamisi! Umebomoa pasipotakiwa, na panapotakiwa hapajaguswa!"

"Usinifokee, kijana. Mimi nimebomoa ubeti wako, neno kwa neno."

Hapo ndipo hasira zilinipanda kweli, kwa sababu nilijua Baba alisema nini. Baba ni seremala. Mwezi wa nne alianguka kutoka kwenye paa la watu, na miguu haikurudi kazini. Mikono anayo, ile ile ya kusukuma randa tangu asubuhi hadi jioni. Siku daktari alipomwonyesha kiti cha magurudumu hakulia. Alinishika shati tu, akasema, "Nyumba ile nimeijenga mimi. Sitaki kubebwa kuingia ndani kama gunia. Siku mtakayonibeba, nirudisheni huku huku." Baba hasemi jambo mara mbili. Na milango yote ya ndani alikuwa ameipima inchi ishirini na saba, enzi za miguu yake.

Mlangoni pakasikika magurudumu. Dada aliingia akisukuma kiti kitupu, akipanda mteremko wa zege ambao Taratibu aliumwaga wiki iliyopita badala ya ngazi. Hospitali walikuwa wamemkabidhi kiti mapema ili tukijaribu nyumbani. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akaitazama karatasi.

"Mshairi wetu," akasema polepole, "ubeti huu una inchi ngapi?"

"Dada, usianze."

"Naanza wapi, wakati wewe umeshamaliza nyumba?"

Taratibu akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Najua kicheko cha mtu aliyegeuka.

"Sawa," nikasema. "Chekeni. Lakini chumba cha Baba ni kile cha mkono wa kulia. Kina kivuli, kimya, kiko karibu na changu. Nimekipima mara nne. Nipe hicho kiti niwaonyeshe."

Nikaketi. Nikasukuma magurudumu kwa mikono, kwa madaha kabisa, nikavuka sebule, nikaingia ushoroba. Mpaka hapo safi. Nikafika kwenye kona ya ushoroba; alama zangu za chaki, pale mlango mpya utakapokuwa, inchi thelathini na sita kamili, zilikuwa ng'ambo ya kona. Nikageuza.

Kiti hakikugeuka. Vyuma vya kukanyagia miguu viligonga ukuta wa mbele yangu. Nikarudi nyuma, mgongo wa kiti ukakwaruza ukuta wa pili. Nikajaribu tena, kidogo kidogo, huku na huku. Ko. Ko. Nikawa kama kabati lililokwama kwenye ngazi.

Dada hakucheka tena. "Ushoroba una upana gani?"

Taratibu akavuta futi. "Inchi thelathini na mbili."

"Na kiti kina urefu gani?"

"Arobaini na mbili."

 Nilikuwa nimepima mlango mara nne. Kona sikuipima hata mara moja. Tungeupanua mlango ule mpaka uwe wa gari, Baba asingeufikia. Angekwama papo hapo nilipokwama, Jumamosi mchana, majirani wamejaa sebuleni, na mimi ningelazimika kumshika kwapani na kumnyanyua. 

Nilirudi kinyumenyume hadi sebuleni. Nikatulia. Mbele yangu, moja kwa moja kutoka mlango wa nje, bila kona yoyote, palikuwa na uwazi wa Taratibu uliojaa vumbi.

Dada akayasogeza matofali kwa mguu. "Jaribu."

Nikasukuma. Kiti kikapita. Kushoto ilibaki nafasi ya ngumi, kulia ngumi, na sikugusa kitu. Nikazunguka duara zima kwenye nafasi ya meza, nikafika dirishani. Nje ya dirisha lile ilikuwa karakana ya Baba, benchi lake, mbao zake zimeegemezwa kama alivyoziacha. Na ukuta wa nyuma wa chumba kile ndio ukuta wa bafu.

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, na kifua kilichofungwa tangu mwezi wa nne kikafunguka.

"Taratibu, ndugu yangu," nikasema, "umekosea vizuri."

"Sikukosea. Nilisoma."

"Na sisi tutakula wapi?" Dada akauliza. "Au chumba cha kulia kihamie chumba cha kulia?"

"Hapana. Baba hatafika kule, atakula peke yake. Meza ije sebuleni." Nikashuka kwenye kiti, nikachukua chaki, nikapiga magoti sakafuni. "Kitanda hapa, kichwa huku. Kiti kigeukie hapa. Mlango wa bafu tuutoboe pale. Swichi ishuke mpaka hapa, afikie akiwa amekaa. Shika futi, Dada, usicheke."

"Anachora!" Dada akasema, akimkonyeza fundi.

Simu ya Dada ikaita. Akaweka sauti kubwa.

"Vipi huko," Baba akasema, "nyumba yangu ipo?"

"Ipo, Baba," Dada akajibu. "Tumebomoa kidogo."

"Chumba gani?"

"Cha kulia," nikasema.

"Kulia kupi? Kwa chakula, kwa mkono, au kwa machozi? Maana machozi nimemaliza."

Taratibu akakaa juu ya ndoo, hoi kwa kicheko.

"Kwa chakula, Baba. Kile kinachotazama karakana."

Baba akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Siku tatu nalala naiwaza ile kona ya ushoroba. Haipitiki."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Wewe unaambiwa?"

Dada akakohoa. Sikumtazama. Uso uliniwaka, lakini si kwa hasira. Nilisogea karibu na simu, magoti meupe kwa chaki, mbele yangu chumba kizima kimelala sakafuni kwa mistari.

"Baba," nikasema, "hapa tulipo hatugongi hata tofali moja kabla hujaiona michoro yangu na kusema ndiyo. Kesho asubuhi nakuletea. Na Jumamosi utaingia kwa mikono yako mwenyewe, kutoka geti hadi dirishani, na hakuna atakayekugusa, hata mimi. Nakuahidi, Baba."