Kimya cha Tabaka la Saba

Volker Piontek hakuogopa watu. Aliogopa makofi yao.

Mwaka wa tisini na moja, yeye na mdogo wake Heiko walitoa albamu moja tu ya muziki wa metali nzito, wakaiita Tabaka la Saba. Midundo yake ilikatika na kugeuka mpaka waliozoea kutikisa vichwa wakaduwaa. Katikati ya wimbo wa mwisho palikuwa na kimya kirefu. Walikiweka kwa ajili ya baba yao, mchimba makaa, ambaye huko chini mgodini, katika tabaka la saba la makaa, alikuwa akisimamisha kazi ghafla ili asikilize kama dari inalia, inataka kuporomoka. Siku ya uzinduzi, hapa hapa Bottrop, mji wa migodi Ujerumani, kimya kilipoingia watu wakadhani wimbo umekwisha. Wakapiga makofi, wakaenda kununua bia. Bendi haikuinuka tena.

Sasa vijana ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa wameifukua ile albamu, na ukumbi umefurika. Ukumbi wenyewe ni bafu la zamani la wachimbaji. Minyororo waliyotundikia nguo, baba yao akiwemo, bado inaning'inia darini.

"Kile kimya tukifupishe," Volker alisema nyuma ya jukwaa, akifuta jasho kwenye vijiti vya dramu.

Heiko alikuwa anamalizia soseji yake. "Kaka, umezeeka vibaya. Baba angekufupisha wewe."

"Na wakipiga makofi tena?"

"Basi shuka ukanywe nao bia. Twende."

Wakapanda jukwaani, muziki ukaanza. Magoti ya Volker yalilalamika, lakini ng'ombe hazeeki maini. Hakuna pigo lililomponyoka. Ukafika wimbo wa mwisho, ukafika mahali penyewe. Akainua vijiti, akanyamaza.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna hata aliyekohoa. Ukumbi mzima ulisimama umeinua kidevu kuelekea darini, wazee na vijana, wanasikiliza. Juu kabisa mnyororo mmoja ukalia kidogo, na kila mtu akausikia. Kifua cha Volker kikajaa fahari ambayo hakuwahi kuionja. Laiti baba angeona.

Kisha vichwa vyote vikashuka kwa pamoja, pale pale muziki ulipotakiwa kurudi.

"Kaka!" Heiko akafoka, gitaa lake likiwa limeshaanza.

Aliyechelewa alikuwa mpiga dramu. Alikuwa bado anasikiliza.