Ratili Mia na Themanini

"Kunywa," alisema Kocha Mapp bila kuondoa macho barabarani.

"Ninakunywa, Kocha."

"Unaramba. Nimesema kunywa."

Cortavius Pettaway, Tavius kwa waliomzoea, aliliinua tena dumu la galoni moja, akafumba macho, akameza. Maji yalikuwa yamefika nusu ya dumu, na hamu yake ilikwisha zamani. Tangu watoke nyumbani alfajiri alikuwa amekula ndizi tano na mikate minne ya siagi ya karanga, na kila gari lilipodunda kwenye shimo vyote vilimpanda kooni. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake, Verlene, na buti zake za mpira na aproni ya plastiki ya kiwanda cha kambare mapajani. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Saa nane mchana alitakiwa awe kwenye meza ya kupasulia samaki.

"Mtanipasulia mtoto," alisema Verlene.

"Hapasuki, dada. Kila mwaka wanakunywa. Wakishapimwa wanakwenda msalani, wanarudi wepesi, wanakimbia. Kati ya mizani na mbio kuna saa mbili nzima."

"Na wewe ulishawahi kuyanywa?"

"Mimi nilikuwa mnene," alisema Kocha, na hata Tavius akacheka, kisha akajuta kucheka.

Tavius alikuwa beki wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kudaka mpira kwa mikono. Kazi yake ilikuwa kumganda mpokeaji wa pasi asiupate mpira, na msimu mzima, katika chuo chao kidogo cha huku Delta ya Mississippi, pasi zilizodakwa mbele yake zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwezi wa kumi alikuja msaka vipaji wa ligi kuu, bwana mmoja aitwaye Dunleavy, akatazama mechi moja akiwa amesimama. "Miguu anayo, na akili anayo," alimwambia Kocha. "Lakini chini ya ratili mia na themanini, kompyuta ya ofisini kwetu haifungui hata jina lake." Siku ile Tavius alikuwa na mia na themanini na mbili. Novemba msimu ukaisha, na kadi yake ya kulia kantini ikafa wiki ileile, maana chuo kiliwalisha wachezaji wakati wa kucheza tu. Akaenda kupakua magunia ya chakula cha kuku, akala alichopata. Kufika Machi mizani ilisema mia na sabini na mbili.

Wasaka vipaji hawaji kwenye vyuo vya namna hiyo kupima watu. Kijana anapelekwa kwenye chuo kikubwa, siku chuo hicho kinapowaonyesha wachezaji wake, naye anajipenyeza humo kama mgeni. Ni siku moja tu. Mwezi mmoja baadaye timu zinateua, na asiyekuwa kwenye karatasi za siku hiyo anarudi kwenye magunia.

Langoni walipokelewa na mtu mwenye orodha na kalamu tatu mfukoni. Jina lake, Cagle, lilikuwa limeshonwa kifuani. Alimfunga Tavius bangili ya karatasi ya njano.

"Kijani ni wetu, njano ni wageni. Mgeni haingii chumba cha kubadilishia nguo. Mgeni haingii hema la chakula. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mzee."

Ukumbini waliwapanga vijana kumi na tisa wakiwa na kaptura tu. Mmoja mmoja walipanda jukwaani, wakageuzwa mbele na nyuma, wakanyooshwa mikono, na mtu mmoja akawa anatangaza vipimo kwa sauti ili wale wanaume thelathini waliokaa vitini waandike. Urefu. Kiganja. Mkono. Verlene alisimama ukutani na wazazi wengine. Alikuwa ameshapasua samaki miaka kumi na sita akijua kila mmoja anapimwa kabla ya kukatwa, na alipomwona mwanawe anageuzwa vile moyo ulimuuma, akatazama buti zake.

"Pettaway! Mia na themanini na moja!"

Tavius alishuka jukwaani akitembea kwa uangalifu, tumbo limejaa ndi. Kocha Mapp alimkonyeza. Kwa dakika nzima kila kitu kilikuwa sawa, na furaha aliyoipata kijana yule ilikuwa furaha ya kweli, ingawa ratili tisa kati ya zile zilikuwa za kupita tu.

Kisha kipaza sauti kikakohoa. Radi ilikuwa inakuja kutoka magharibi, na radi ikifika uwanja unafungwa. Ratiba ilibadilika: mbio sasa hivi, mabeki wa pembeni mwanzo, wageni mwanzo kabisa.

Tavius alikwenda mbio za kujibana hadi mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Cagle alikuwa amesimama hapo na orodha yake.

"Mzee, naomba msala. Dakika mbili tu."

"Bangili?"

"Njano. Lakini ona, naitwa sasa hivi."

"Choo cha wageni kiko uwanja wa besiboli. Ng'ambo ya maegesho."

"Kule ni mwendo wa dakika saba! Nikirudi nitakuta wameshaniruka."

"Kijana, mimi sikuchora ramani."

Nje waliita jina lake. Waliliita tena.

Alikwenda mstarini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu alikuwa ameyanywa kabisa. Aliinama, akagusa mstari kwa vidole, na pale pale kibofu kikamchoma kama kisu. Alikimbia yadi arobaini akiwa amebana meno, na katika kila hatua aliyasikia maji yakipiga ndani yake upande huu na upande ule. Wanaume thelathini walibonyeza saa zao kwa pamoja. Dunleavy, aliyekuwa miongoni mwao, aliandika: sekunde nne nukta sita moja. Kwa beki wa pembeni, hiyo ni kasi ya kuagwa kwa heshima.

Kila mtu alikuwa na mbio mbili. Tavius alirudi akiwa ameinama, na Dunleavy akamsogelea, akamtazama tumbo, akashusha sauti.

"Umekunywa kiasi gani?"

"Nini, mzee?"

"Usinichoshe. Nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii."

"Galoni."

"Galoni nzima! Nani alikutuma?"

Tavius alimtazama Kocha Mapp. Kocha alikuwa anakagua kamba za viatu vyake. Hazikuwa na kasoro yoyote.

"Nilijituma," alisema Tavius.

"Haya." Dunleavy hakuwa mtu mbaya, alionekana amechoka tu, na shingo yake imebabuka kwa jua. "Nitakupa dakika tano ukajisaidie, kabla radi haijafika. Lakini ukirudi nakurudisha kwenye mizani, maana nimeshajua, siwezi kujifanya sijui. Ama niandike mzito asiye na mbio, ama mwepesi mwenye mbio. Vyote viwili siwezi, na wewe unajua."

"Mzee, mimi ni mmoja. Yule mzito ndiye huyu mwenye mbio. Mbona Oktoba nilikuwa navyo vyote?"

"Oktoba imepita."

"Na kukaba? Hakuna anayetaka kuniona nikikaba?"

Dunleavy alitazama mawingu. "Dakika nne sasa."

Choo kilikuwa mwendo wa dakika saba. Tavius aligeuka, akamwona mama yake ameshavuka kamba ya wazazi, anakuja na buti zake, aproni mkononi.

"Mwanangu, njoo hapa ukutani."

"Mama, watu wote hawa?"

"Nimekuogesha mimi. Njoo."

Alimkunjulia aproni ya plastiki mbele ya ukuta wa matofali, akaishika kwa mikono miwili juu kama anaanika shuka, akageuza uso kuwatazama wale wanaume na saa zao mpaka wengi wao wakatazama kwingine. Cagle alikuja akipunga orodha. "Mama! Mama, hapa haparuhusiwi!"

"Pita basi uende ukamzuie."

Cagle hakupita. Aliandika kitu.

Kwenye mizani Tavius alipata mia na sabini na tatu. Dunleavy aliisoma kwa sauti, kama alivyotakiwa kufanya, na kalamu zikasikika kwenye karatasi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka. Kijana alirudi mstarini, akainama, na safari hii hakusikia kitu ndani yake isipokuwa hasira, nayo haikuwa na uzito. Alichomoka.

Msaka vipaji mmoja alitukana kwa mshangao. Mwingine alitikisa saa yake akidhani imeharibika. Dunleavy alitembea hadi mwisho wa njia, akamwonyesha Tavius saa yake: nne nukta tatu nane.

"Ndiyo mbio nzuri kuliko zote nilizopima mwaka huu," alisema.

"Basi andika."

"Nimeandika. Nimeandika na mia na sabini na tatu." Alibonyeza saa, tarakimu zikarudi kuwa sifuri. "Kompyuta huanza na uzito, kijana. Ningekuwa mimi ndiye kompyuta..." King'ora cha radi kililia, na wanaume wote wakakimbilia ndani.

Kocha Mapp alikwenda kuwasha gari. Verlene alimkuta mwanawe amesimama chini ya ukingo wa hema la chakula, maji yakimchuruzika.

"Wameandika?"

"Wameandika, Mama."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nina mbio. Wamesema sina uzito."

Verlene aligeuka. Ndani ya hema kulikuwa na meza ndefu, na juu yake vifua vya kuku wa kuchoma, mayai, viazi, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vinene, na vijana wa bangili za kijani wakijipakulia mara ya pili. Aliingia na buti zake. Alichukua sahani, akaweka vifua viwili, akaongeza cha tatu, mayai, viazi, akamwaga mchuzi mpaka ukafika ukingoni.

"Mama," Cagle alisema, akatokea na orodha iliyolowa. "Hicho ni cha kijani."

"Wewe ni mtu wa kuandika, siyo?"

"Ni utaratibu, mama."

"Basi andika. Andika kwamba mlimwona hana uzito, na mlikuwa na chakula. Halafu njoo umnyang'anye mdomoni, mimi nikiwa nimesimama hapa."

Wale vijana wa kijani waliacha kutafuna. Kalamu ya Cagle ilibaki juu ya karatasi, na karatasi ilikuwa imelowa mno, haiandikiki. Verlene alitoka na sahani, akampa mwanawe.

"Kula."

"Mama, hivi sasa haitasaidia kitu."

"Sikukuuliza. Kula."

Tavius alianza kula amesimama mvuani, taratibu, bila kuwaondolea macho waliokuwa ndani ya hema.